Kuhudhuria siyo kukubali: Kibaha, Kisarawe na historia ya kuulizwa

Najua nimepotea, UE zilinibana mpaka nikasahau kama nina sehemu ya kuandika. Sasa nimerudi, na leo nina stori ya nyumbani ambayo imegeuka kuwa historia. Ni ndefu kiasi, kwa hiyo mnivumilie.

Wikiendi iliyopita nilikwenda nyumbani Kibaha. Jumamosi asubuhi Mama akaniambia, "Mwanangu, leo kuna mkutano wa mtaa, mambo ya urasimishaji. Twende wote, wewe si ndiyo msomi wetu?" Tukaenda. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe kama kawaida, wazee kwenye viti vya plastiki, vijana wamesimama nyuma na bodaboda zao. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, kila mtu akaandika jina, namba ya simu na sahihi. Halafu wapimaji wakatandika mchoro mezani. Nyumba zetu zote zilikuwepo pale, vibanda vidogo vidogo vyenye namba. Barabara mpya ya mtaa ilikuwa imechorwa, na ilipita juu ya banda la kuku la Mama na choo cha nje.

Mama akaninong'oneza, "Uliza basi." Sikuuliza. Jamani, miaka mitatu chuo, historia naisoma, na pale sikujua hata niulize nini. Mkutano ukafungwa, mwenyekiti akasema, "Basi wananchi mmeridhia, majina yenu tunayo."

Hilo "majina yenu tunayo" limenikosesha usingizi. Niliporudi chuo nikaingia maktaba na swali moja: kwetu, huku Kibaha na Kisarawe, watu wamewahi kuulizwa lini kuhusu ardhi wanayokaa? Na walipoulizwa, waliulizwa nini hasa?

Tuanze na bibi yangu wa Kisarawe, mzaa mama. Kila nikimtembelea ananionyesha kwa kidole upande yalipo "mahame", yaani kijiji chao cha zamani. Kule kuna minazi na mikorosho aliyoipanda baba yake. Bibi anasema siku ya kuhama walibeba vyungu, kuku na milango. "Mnazi haubebeki," anasema, halafu anacheka. Kwa watu wa Pwani mnazi ndiyo hati yenyewe, unaonyesha nani alilima wapi na nani amrithi nani.

Ile ilikuwa Operesheni Vijiji. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ndani ya kijiji. Nia ilielezwa vizuri tu: watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji. Vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie kirahisi.

Sasa kuna kitu ambacho sikuwahi kukiona mpaka nilipoweka miaka sambamba. Mwaka 1972 serikali ilikuwa imeanzisha mfumo wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikafutwa. Za miji zikafuata. Yaani wakati bibi anaambiwa ahame hapakuwa na diwani wa kumwendea wala kikao cha halmashauri cha kulalamikia. Walikuwepo mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na chama. Sheria ya kuvipa vijiji serikali yake yenyewe ilikuja 1975, wengi wakiwa wameshahamishwa. Miji ilirudishiwa mabaraza 1978, na wilaya zikarudishiwa halmashauri zake kwa sheria za 1982 zilizoanza kufanya kazi 1984. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, ile ngazi ambayo mwananchi angeweza kuifikia kwa miguu kutoka kwake haikuwepo.

Kibaha nayo ina historia yake. Mji huu ulikua kuzunguka mradi uliokubaliwa na serikali. Mwaka 1963 ulianza Mradi wa Nordic, Tanganyika ikishirikiana na nchi za Skandinavia pamoja na Finland: shule ya sekondari, kituo cha kuwafundisha wakulima na kituo cha afya. Januari 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania, na ndiyo Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Mimi mwenyewe nimezaliwa Tumbi, siwezi kuukandia. Ila mji uliota kwa kufuata shirika na barabara ya Morogoro, na sisi wengine tukajipachika pembeni tulipopata nafasi. Ndiyo maana leo tunarasimishwa.

Na tusidhani ni Kibaha peke yake. Dar es Salaam ilitengenezewa mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979, na yote mitatu iliandaliwa na makampuni ya nje, ya kwanza ya Uingereza na mbili zilizofuata za Kanada. Sheria ya mipango miji ya 1956 ilitoka kwa mkoloni, na ilitumika mpaka ilipokuja Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Hesabu mwenyewe: miaka 51. Uhuru ulikuja, Azimio la Arusha likaja, vyama vingi vikaja, sheria ya mkoloni iko pale pale.

Miaka ya tisini mambo yakaanza kubadilika. Tume ya Profesa Shivji ilizunguka nchi nzima 1991 na 1992 kusikiliza malalamiko ya ardhi. Ikaja Sera ya Ardhi ya 1995, halafu 1999 zikatungwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, ukapata nguvu kisheria. Na ile sheria ya 2007 ikasema wananchi wahusishwe kabla mpango wa mji haujapitishwa, wauone na waweze kuweka pingamizi.

Mtasema basi tatizo limekwisha. Hapo ndipo Kisarawe inapotufundisha.

Kuanzia 2006 kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilitafuta ardhi Kisarawe ya kulima mibono kwa ajili ya mafuta ya dizeli. Ilipata hekta 8,211 kutoka vijiji 11, zaidi ya ekari 20,000. Tofauti na enzi za bibi, safari hii watu waliulizwa. Mikutano ilifanyika, viongozi walikuja, wanakijiji wengi wakakubali. Waliahidiwa ajira, visima, zahanati, shule, barabara. Nani angekataa? Mwenye kiu haulizi kisima kitachimbwa na nani.

Lakini someni kifungu cha 4 cha ile Sheria Na. 5. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya kawaida, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hekta 250, anayeamua ni Waziri, na kijiji kinatoa mapendekezo tu. Sasa chukua 8,211 ugawe kwa vijiji 11. Wastani ni kama hekta 746 kwa kijiji, karibu mara tatu ya kipimo. Yaani kadiri eneo linavyokuwa kubwa, ndivyo sauti ya mwenye eneo inavyopungua. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Kuna la pili. Ardhi ikishatoka kijijini na kuwa ardhi ya kawaida, hairudi yenyewe mwekezaji akiondoka. Mwaka 2011 kampuni ile ilifilisika, shughuli zikasimama, mamia ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Ahadi nyingi zilikuwa za mdomo, hazikuwa kwenye karatasi ambayo kijiji kingeweza kuishika na kudai. Watu walilalamika kwamba hata kufika kwenye makaburi ya wazee wao na kwenye maji waliyozoea kuteka kumekuwa shida. Na shamba? Likapata mwenye mpya. Vijiji havikurudishiwa.

Kwa hiyo watu wa Kisarawe waliulizwa, wakajibu ndiyo. Ila waliyoulizwa ni "mnataka maendeleo?" Hawakuulizwa, "mnakubali kwamba ardhi hii haitarudi tena kwenu hata sisi tukishindwa?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na jibu la la kwanza lilitumika kwa yote mawili.

Sasa twende Kiluvya. Waliopita njia ya Morogoro wanaijua, ndipo Dar inapoishia, na Kisarawe na Kibaha zinakutana. Mwaka 2017 kutoka Kimara mpaka Kiluvya zilibomolewa nyumba zaidi ya elfu moja ili kupanua barabara. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Serikali ilisema hifadhi hiyo imo kwenye sheria za zamani kuliko hizo nyumba, kwa hiyo hakuna fidia. Wakazi wakauliza: mbona tuliwekewa umeme na maji? Mbona tulilipa kodi ya majengo?

Mimi nikamkumbuka bibi. Mwaka 1974 watu waliambiwa sogeeni barabarani. Mwaka 2017 watu wakaambiwa mko barabarani mno, ondokeni. Sisemi kila aliyebomolewa aliletwa na operesheni, wengi walinunua viwanja baadaye. Ila ni nchi moja na barabara zile zile, na katika nyakati zote mbili ramani iliyoamua haikuwa mikononi mwa aliyekaa pale. Na niwe mkweli, barabara ya njia nane mpaka Kibaha naipenda. Zamani foleni ya Mbezi ilikuwa inanilaza njiani, sasa nafika mapema. Ila utamu wa barabara haufuti swali la waliobomolewa.

Msije mkadhani kumuuliza mwananchi ni jambo lisilowezekana hapa kwetu. Hanna Nassif, Kinondoni, kuanzia 1994 wakazi walishirikiana na wataalamu wa Chuo cha Ardhi na Shirika la Kazi Duniani kuboresha mtaa wao. Wenyewe wakasema shida yetu ya kwanza ni mafuriko, kwa hiyo mifereji ikatangulia. Wakachanga hela, wakachimba wenyewe kwa ujira. Mtu aliyechimba mfereji anajua umepita wapi na kwa nini.

Basi narudi kwenye banda la kuku la Mama. Sina ugomvi na urasimishaji. Mama anataka hati, na mimi nataka awe nayo, na najua gari la wagonjwa haliwezi kupita kwenye uchochoro wetu. Pengine banda lazima lihame. Mama mwenyewe alishasema, "Kuku nitawahamisha, mimi nataka tu kujua kama nimeombwa au nimeambiwa."

Jumamosi ijayo kuna mkutano mwingine. Safari hii nimejiandaa, nimeandika maswali kwenye daftari:

1. Sahihi tulizoweka siku ile ni za mahudhurio au za kuridhia mchoro? Kama ni za kuridhia, muhtasari unaosema hivyo uko wapi, usomwe mbele yetu.
2. Mchoro huu bado unaweza kurekebishwa? Pingamizi linapelekwa kwa nani, na mwisho lini?
3. Anayetoa kipande cha ardhi kwa ajili ya barabara anapata nini, na imeandikwa kwenye karatasi gani?
4. Nakala ya mchoro itabaki ofisi ya mtaa ili asiyeweza kuja Jumamosi akaione siku nyingine?

Ni maswali madogo, hayahitaji digrii. Lakini kama kila kijiji kati ya vile 11 kingeuliza la tatu na kusubiri karatasi kabla ya kupiga makofi, pengine leo ningekuwa naandika historia nyingine.

Nilimpigia bibi jana nikamweleza yote haya. Akanisikiliza weee, mwisho akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulibeba milango kwa sababu hatukuwa na karatasi. Nyie mna karatasi, sasa zisomeni."

Basi wadau, nyie ambao kwenu kumepita wapimaji, operesheni au mwekezaji, niambieni ilikuwaje. Mliulizwa? Mliulizwa nini? Na wale mnaosoma sheria hapa chuoni, kama kile kifungu cha 4 nimekielewa vibaya mnisahihishe kabla ya Jumamosi, sitaki kumwaibisha Mama mara ya pili.

Nikirudi nitawapa majibu ya mwenyekiti. Tupo pamoja.