Santuri na Baraza za Pwani

Katika tarikhi ya muziki wa Pwani yetu, aghalabu husifiwa mwimbaji, na baada yake mpigaji wa udi au fidla, nao wanastahili sifa hizo. Walakini yuko mtu wa tatu ambaye lau si yeye nyimbo nyingi zingalikufa ndani ya nyumba zilimoimbwa, naye ni msikilizaji aliyeupenda wimbo hata akaona ni choyo kuusikia peke yake. Habari zake ndizo nizikusudiazo hapa, kwa kuwa naamini muziki wa Pwani ulienea kwa ukarimu wa masikio kama ulivyoenea kwa ustadi wa koo na vidole.

Husimuliwa Unguja kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliipenda taarabu ya Misri, akampeleka huko Mohamed bin Ibrahim ajifunze kupiga qanuni, na aliporejea ikaundwa jamaa ya wapigaji wa kumtumbuiza mfalme. Muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu, na walioufaidi ni wale waliokuwa na ruhusa ya kuingia jumbani. Lakini mwaka 1905 vijana wa mjini waliounganishwa na mapenzi ya ala na maghani wakaanzisha chama cha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka Misri, wakawa wakikutana kufundishana; na tangu hapo taarabu ikapata makao mengine, nayo ni suhuba ya watu wanaolingana.

Katika masikilizano ya namna hiyo ndimo alimoinukia Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, mtoto wa mfinyanzi, naye mwenyewe akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Na kwa kuwa hakujaliwa kusoma, elimu yake yote ya muziki aliipata kwa kusikia na kuhifadhi. Sauti yake ilipokwisha kuwavuta mabwana na makabwela sawasawa, mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hata Bombay, wakatiwa katika santuri za His Master's Voice wakiimba Kiswahili. Na santuri hizo zikarudi Pwani, zikauzwa madukani, zikafika miji ambayo Siti mwenyewe hakupata kuitia mguu.

Hapo ndipo ilipodhihiri kazi ya msikilizaji. Kinanda cha santuri kilikuwa mali ya mtu mwenye nafasi, na ujira wa mchukuzi wa bandarini haukukifikia. Kwa hiyo aliyekimiliki alijikuta amemiliki pia dhamana ya majirani zake. Jioni, baada ya sala ya Isha, kilitolewa barazani au kuwekwa juu ya meza ya mkahawa, mpini ukazungushwa mpaka kamani ikakaza, sindano mpya ikatiwa, kwani ile ya chuma huwa butu upesi na hula mifuo ya santuri, kisha mkono ukateremshwa kwa taratibu juu ya sahani nyeusi inayozunguka. Upande mmoja haukuzidi dakika tatu au zaidi kidogo, ukakatika wimbo ungali na utamu, na santuri ikapinduliwa upesi huku wasikilizaji wamenyamaza kwa adabu, vikombe vya kahawa mikononi, wasije wakapotewa na neno.

Ilipokwisha ndipo majadiliano yakaanza. Siti na wenziwe waliimba mambo ya mji, hukumu za mahakama, dhuluma walizofanyiwa wanyonge na wanawake, na mengi yalifunikwa kwa mafumbo; basi huyu hulifumbua fumbo hivi na yule vingine, mjuzi wa Kiarabu akaeleza neno lisilofahamika, na mwenye kuijua kesi akaeleza asili yake, mpaka santuri ikapigwa tena ili hoja ithibitike. Kwa njia hii mtu asiyejua kusoma alipata kuwa mhakiki wa mashairi, na kijana mwenye sikio jepesi alitoka barazani na sauti nzima kifuani.

Wala mapenzi hayo hayakuzuiwa na mipaka ya lugha. Tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kutoa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa na nyimbo za Kuba, nazo zikaenea Afrika, zikasikilizwa kwa shauku Léopoldville kama zilivyosikilizwa kwetu. Hawakukifahamu Kihispania wengi waliozisikia. Walakini mdundo waliutambua, wakarithishana, wakaugeuza kuwa wao. Huko Morogoro, mwaka 1948, Salum Abdallah, aliyeupenda muziki wa Kuba mapenzi makubwa, alianzisha bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba, akaimba kwa Kiswahili fasaha juu ya mapigo yaliyovuka bahari.

Mwaka 1951 redio ilipoanza kutangaza Unguja na Dar es Salaam, baraza ilipanuka tu, haikuvunjika. Desturi ya wasikilizaji kuomba wimbo na kuwatumia salamu ndugu, jamaa na marafiki ilitokana na tabia ile ile, kwamba anayeupenda wimbo hukumbuka mara moja ni nani mwingine angaliupenda. Nasi leo, ambao kila mmoja anaweza kubeba mfukoni nyimbo zaidi ya zilizowahi kuingia duka zima la santuri, tumepewa wasaa ambao wazee wetu hawakuupata. Lakini wao walikuwa na jambo lililo bora kuliko wingi, nalo ni kuusikiliza wimbo mmoja pamoja mpaka ukafahamika. Mwenye kuupenda muziki na amwite jirani yake, ampigie ule anaouthamini kuliko yote, kisha amwachie nafasi ya kusema. Kwani hivyo ndivyo taarabu ilivyopata mashabiki, na ndivyo mashabiki walivyopata kuwa waimbaji.