Umri wa mshtakiwa mtoto (Tanzania Bara)

Umri wa mshtakiwa ndio unaoamua mahakama itakayosikiliza kesi ya mtoto na adhabu atakayopewa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Aliye chini ya miaka 12 huwajibika tu ikithibitishwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kutenda kitendo hicho. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapeleka walio chini ya miaka 18 Mahakama ya Watoto, isipokuwa katika kesi za mauaji. Shauri husikilizwa faraghani, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Mtoto hafungwi gerezani wala hahukumiwi kunyongwa; anaweza kuachiliwa kwa masharti au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Umri ukibishaniwa, mahakama huuchunguza, ikiwemo kwa ushahidi wa daktari.