NYIMBO ZA MYSPACE ZILIVYOPOTEA, NA WATU WASIOJITAJA WALIOOKOA CHACHE

Wadau, kabla Instagram haijazaliwa, wasanii chipukizi wa Marekani na Uingereza walikuwa wanaweka nyimbo zao MySpace. Mtandao ulianza 2003, na 2005 News Corp wakainunua kampuni mama yake kwa dola milioni 580. Kufika 2011 ukauzwa kwa kama dola milioni 35 tu, watu washahamia Facebook.

Balaa lenyewe likajulikana Machi 2019. MySpace wakasema walipokuwa wanahamisha seva, picha, video na nyimbo zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda hazipo tena. Nyimbo zilikadiriwa kufika milioni 50!

Ila kuna kundi la wasomi, majina hawakuyataja, waliokuwa wameshusha nyimbo 490,000 kati ya 2008 na 2010 kwa ajili ya utafiti wao. Aprili 2019 zikawekwa Internet Archive, mtu yeyote asikilize bure. Piga hesabu: ni karibu moja tu kwa kila mia.

Sisi tunaotengeneza programu tunahamisha data kila siku. Unakopi, unahakiki, ndio unafuta za zamani. Ukiruka kuhakiki, umecheza kamari na jasho la watu.

Kwa hiyo msanii wangu wa Bongo, unayepandisha ngoma halafu unaifuta kwenye simu ili upate nafasi, ile seva sio yako. Flashi moja inatosha kuanzia. Wimbo wako wa kwanza uko wapi sasa hivi?