Kunyemelea na Kujificha: Tuzo za Metal Gear Zikitazamwa kutoka Ngara na Biharamulo

Kiswahili kinatenganisha kunyemelea na kujificha. Anayenyemelea ana windo mbele yake. Anayejificha ana hatari nyuma yake. Wahakiki wa michezo ya video wameyachanganya mambo haya mawili. Makala haya yanadai kwamba mkanganyiko huo unajidhihirisha katika sifa na tuzo ulizopata mfululizo wa Metal Gear, kazi ya Mjapani Hideo Kojima.

Mfululizo ulianza mwaka 1987 kwenye kompyuta ya MSX2. Mashine hiyo ilielemewa na askari na risasi nyingi kwa wakati mmoja, hivyo Kojima akaugeuza mchezo wa vita kuwa mchezo wa kukwepa vita: mchezaji anasubiri mlinzi ageuke, kisha anapita. Metal Gear Solid ya 1998 ikaueneza utanzu huo duniani. Mwaka 2015 jarida la Famitsu la Japani, ambalo wahakiki wake wanne hutoa alama hadi kumi kila mmoja, liliipa Metal Gear Solid V alama zote 40. Mwaka huohuo, katika The Game Awards, mchezo huo ulitwaa tuzo mbili, moja ikiwa ya muziki. Ulistahili: ni michezo michache inayomwachia mchezaji uhuru mkubwa hivyo wa kuchagua saa, njia na zana.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mchezo huo inatokea mpakani mwa Angola na Zaire, mwaka 1984. Katika misheni moja mchezaji anatumwa mgodini kuwaua wafungwa. Akifika anakuta ni watoto walioshikishwa bunduki, naye anaamua kuwatoa. Mmoja ameumia mguu, hivyo anabebwa. Mwenzao, Shabani, haokolewi baadaye. Jina hilo lingeitikiwa katika kijiji chochote cha mkoa wa Kagera, Tanzania. Watoto hao hufuata na kusubiri. Wanachokijua kuhusu kujificha hakiongozi hata hatua moja ya safari.

Ngara na Biharamulo, wilaya za mkoa huo, zinakujua kujificha kwa karibu. Warundi waliingia huko kuanzia Oktoba 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa takribani saa 24, wakakusanyika katika kambi ya Benaco. Desemba 1996, Wanyarwanda walipotakiwa kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha, maelfu waliingia porini kuelekea mashariki; jeshi likawarejesha. Katika umati huo walikuwamo wauaji wa kimbari waliokimbia haki, na walikuwamo watoto wasio na hatia. Nani anajificha, na anamkimbia nani? Hapo, swali hilo lilikuwa la uhai na la haki. Katika alama 40 za Famitsu halina nafasi.

Itasemwa kwamba tuzo hupima usanii, historia ina mahali pake. Lakini kumpa mchezaji nafasi ya mwindaji na kumnyima ya mwindwa ni uamuzi wa kisanii, na usanii ndio unaohakikiwa. Mwaka 2018 The Game Awards ilimtunuku Lual Mayen wa Sudan Kusini, aliyekulia kambini Uganda na ambaye mama yake alidunduliza miaka mitatu kumnunulia kompyuta. Katika mchezo wake, Salaam, mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Hata hivyo, heshima aliyopewa ilikuwa ya mchango kwa jamii. Aliyenyemelea alitambuliwa kama msanii. Aliyekimbia, kama raia mwema.

Watoto wetu wanapocheza kombolela, aliyejificha akifika kituoni bila kuonekana huwakomboa waliokwisha kukamatwa. Kujificha kwake kuna wajibu kwa wenzake, na ushindi wake hupimwa kwa wajibu huo. Uhakiki wa michezo ya video unahitaji kipimo hicho, na wahakiki wa Afrika Mashariki tunapaswa kukiandika bila kusubiri kualikwa kwenye majopo ya tuzo.