Nafasi Tupu Nayo Hupangwa: Historia ya Kupanga Kurasa

Kupanga ukurasa ni kuamua kila kitu kikae wapi juu ya karatasi: maandishi, vichwa vya habari, picha, na sehemu zitakazobaki wazi. Anayejifunza kazi hii leo huanza na programu ya kompyuta. Anapofungua hati mpya, hata kabla ya kuandika neno, huulizwa ukubwa wa ukurasa, upana wa pambizo, idadi ya safu, na umbali kati ya safu na safu. Maswali hayo ni ya zamani kuliko kompyuta. Wapiga chapa wa Ulaya walikuwa wakiyajibu zaidi ya miaka 500 iliyopita, kwa vipande vya risasi na mbao. Historia ya kazi hiyo inaeleza kwa nini programu za sasa zimejengwa jinsi zilivyo, na inaonyesha jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kulishika kabla ya mengine yote.

Karakana ya risasi

Johannes Gutenberg alikamilisha Biblia yake mjini Mainz, Ujerumani, karibu na mwaka 1455. Kurasa zake zina safu mbili, na nyingi kati ya hizo zina mistari 42 katika kila safu. Kila herufi ilikuwa kipande cha madini yaliyochanganywa: risasi, bati na antimoni. Mpangaji alichukua herufi moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba, akazisimamisha katika chombo kidogo alichokishika mkononi, sura zake zikiwa zimegeuzwa kinyume ili chapa itoke sawasawa.

Katika kazi hiyo hapakuwa na mahali palipokuwa patupu kwelikweli. Kati ya neno na neno kiliingia kipande kifupi kisicho na herufi. Wapangaji walipotaka mistari iachane, waliingiza ukanda mwembamba wa risasi kati ya mstari na mstari. Kuzunguka maandishi viliwekwa vipande vya mbao, kisha ukurasa mzima ukabanwa ndani ya fremu ya chuma. Kila sehemu nyeupe ambayo msomaji angeiona kwenye karatasi ilikuwa imepimwa, imekatwa na kuwekwa kwa mkono. Mstari uliolegea haungeweza kuachwa, kwa sababu herufi zingechomoka wakati wa kupiga chapa. Kwa hiyo mpangaji aliongeza vipande vyembamba kati ya maneno mpaka mstari ukaze. Kuzisawazisha kingo mbili za safu, jambo ambalo leo hufanywa kwa kubofya mara moja, kulikuwa hitaji la ufundi kabla ya kuwa suala la urembo.

Hatua iliyofuata ilipigwa Venice. Aldus Manutius, msomi aliyegeuka mchapishaji, alianza mwaka 1501 kutoa vitabu vidogo vya fasihi ya Kilatini na Kigiriki vya kushikika mkononi. Vile vya Kilatini vilitumia herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Vitabu vya wasomi vya wakati huo vilikuwa vikubwa, vya kusomewa mezani. Ukubwa wa kitabu ulipobadilika, kila kipimo cha ndani kilibadilika nacho: urefu wa mstari, ukubwa wa herufi, upana wa pambizo. Katika vitabu vya kale vilivyopangwa vyema, pambizo ya ndani ndiyo nyembamba kuliko zote, ya juu huizidi kidogo, ya nje ni pana zaidi, na ya chini ndiyo kubwa kuliko zote. Kitabu kinapofunguliwa, pambizo mbili za ndani hukutana katikati na kuonekana kama moja, nazo za nje na chini huacha nafasi ya vidole vya msomaji. Mwanafunzi anayeacha pambizo zote nne ziwe sawa kwa sababu programu imezileta hivyo anaukosa uamuzi ambao mafundi wale walikuwa tayari wameufanya.

Kipimo kimoja kwa wote

Kwa muda mrefu ukubwa wa herufi ulitajwa kwa majina, na kiwanda kimoja hakikulingana na kingine. Mwaka 1737 Pierre-Simon Fournier wa Paris alitoa jedwali lililogawa ukubwa wa herufi kwa pointi. Baadaye katika karne hiyohiyo François-Ambroise Didot aliurekebisha mfumo huo kwa kuufungamanisha na vipimo rasmi vya Ufaransa. Wasubu herufi wa Marekani walikubaliana pointi yao mwaka 1886. Pointi 12 hufanya paika moja, na paika sita hukaribia inchi moja.

Mwanafunzi hukutana na vipimo hivi siku ya kwanza, mara nyingi bila maelezo. Programu inaposema maandishi ni pointi 10 na mistari inaachana kwa pointi 12, inarudia hesabu ya karakana: herufi yenye mwili wa pointi 10, na juu yake ukanda wa risasi wenye unene wa pointi mbili. Umbali huo si pambo. Mistari ikisongamana, jicho linalorudi mwanzoni mwa mstari unaofuata hupotea njia. Ikiachana mno, aya husambaratika. Kadiri mstari unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyohitaji nafasi kubwa zaidi juu na chini yake.

Mashine na meza ya kubandika

Kwa miaka zaidi ya 400 herufi zilipangwa kwa mkono. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Linotype iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, fundi saa aliyezaliwa Ujerumani. Mwendeshaji alibonyeza vitufe, mashine ikakusanya kalibu za herufi, kisha ikasubu mstari mzima kwa risasi ya moto. Kati ya maneno ziliingia kabari za chuma, ambazo zilisukumwa juu mpaka mstari ujae. Kusawazisha mstari, kazi iliyotegemea vidole vya mpangaji, sasa kulifanywa na mashine kwa kugawa nafasi ile ile kwa kila mwanya. Programu za leo hugawa nafasi kwa kanuni hiyohiyo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 risasi iliiachia picha nafasi yake. Mashine za kupanga herufi kwa mwanga, kama ile iliyobuniwa na Wafaransa René Higonnet na Louis Moyroud, zilitoa maandishi juu ya karatasi ya picha. Gazeti la New York Times liliachana na risasi ya moto mwezi Julai 1978. Ukurasa sasa ulijengwa juu ya meza yenye mwanga. Maandishi yalikuja katika vipande virefu. Fundi aliyakata kwa kisu chembamba, akayapaka nta mgongoni, akayabandika juu ya kadibodi kwa kufuata rula. Kadibodi hiyo ilikuwa na mistari ya samawati iliyokolea kidogo tu, ambayo filamu ya kamera ya chapa haikuiona. Mistari ilimwongoza fundi, kisha ikatoweka kwenye bamba la kuchapia. Kosa la herufi moja lilimaanisha kukata kipande kidogo kipya na kukibandika juu ya lile kosa bila kupinda.

Mwaka 1985

Uchapishaji wa mezani ulizaliwa pale mambo manne yalipokutana: kompyuta yenye skrini ya michoro, printa ya leza, lugha ya kuieleza printa sura ya ukurasa, na programu ya kupanga.

Misingi ilikuwa imewekwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, ambako Gary Starkweather aliunda printa ya leza mwanzoni mwa miaka ya 1970. John Warnock na Charles Geschke waliondoka huko na kuanzisha Adobe mwaka 1982. Lugha yao, PostScript, ilieleza herufi kwa mikunjo ya kihesabu badala ya vitone. Kwa sababu hiyo, faili moja iliweza kuchapwa ofisini kwa vitone 300 kwa inchi, kisha ikapelekwa kwenye mashine ya kiwandani yenye vitone zaidi ya 2,000 kwa inchi, bila mpangilio kubadilika. PostScript pia ilimaliza tofauti ndogo za zamani kwa kuifanya pointi iwe sehemu moja kati ya 72 za inchi, kamili.

Apple ilitoa Macintosh mwezi Januari 1984. Skrini yake ilikuwa na vitone 72 kwa inchi, kwa hiyo pointi moja ililingana na kitone kimoja. Mwaka uliofuata ikaja printa ya LaserWriter, kwa dola 6,995. Bei hiyo ilikuwa kubwa kwa ofisi ndogo, lakini kompyuta kadhaa ziliweza kuunganishwa na kuitumia kwa pamoja.

Jambo la nne lilitoka Seattle. Paul Brainerd alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya mitambo ya kompyuta ya magazeti, na aliifahamu vyema meza ya kubandika. Mwaka 1984 alianzisha kampuni akaiita Aldus, kwa heshima ya mchapishaji wa Venice, na Julai 1985 ikatoa PageMaker. Programu hiyo iliihamisha meza nzima ndani ya skrini. Ukurasa ulikaa katikati, na pembeni palikuwa na eneo la kuwekea vipande vinavyosubiri nafasi. Mistari elekezi ilionekana kwenye skrini lakini haikuchapwa, kama ile ya samawati kwenye kadibodi. Palikuwa pia na ukurasa wa mfano, ambao kila kilichowekwa humo, kama vile namba za kurasa, hujitokeza katika kurasa zote. Maandishi yaliyozidi safu moja yalitiririshwa hadi safu nyingine, na yalipohaririwa yalijipanga upya yenyewe.

Washindani walifuata upesi. Ventura Publisher ilitoka mwaka 1986 na kupendwa kwa vitabu na miongozo mirefu. QuarkXPress, ya kampuni ya Denver, ilitoka mwaka 1987. Usahihi wa vipimo vyake uliiwezesha kutawala magazeti na majarida katika miaka ya 1990. Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatoa InDesign, iliyochukua nafasi ya PageMaker na hatimaye kuipiku QuarkXPress. Muundo wa PDF, uliotolewa na Adobe mwaka 1993, uliondoa taabu ya kupeleka kiwandani faili pamoja na fonti na picha zake. Kwa wasioweza kulipia programu, Scribus hupatikana bure, na misingi yake ni ileile.

Faida na hasara

Mpangaji herufi, mbandikaji na mpiga picha wa bamba waliunganishwa kuwa mtu mmoja: msanifu kurasa. Vyama, shule na makanisa viliweza kutoa majarida yao bila kupitia karakana ya gharama. Lakini ujuzi uliokuwa umechukua miaka ya uanagenzi haukuja ndani ya kasha la programu. Machapisho mengi ya miaka ya mwanzo yalijaa fonti nyingi kwenye ukurasa mmoja, vivuli, visanduku na mistari, huku maandishi yakigusa kingo za karatasi. Sababu yake inaonekana wazi katika historia. Katika risasi nafasi tupu ilikuwa kitu cha kushikika, na aliyeisahau aliona herufi zake zikianguka. Katika kompyuta nafasi tupu haina uzito wala bei, na ni rahisi kuidhania kuwa mahali palipobaki pa kujazwa.

Afrika Mashariki na Kiswahili

Uchapaji wa Kiswahili ulipitia hatua hizohizo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walikuwa na kiwanda cha chapa Zanzibar katika karne ya 19, na jarida la Msimulizi lilianza Kiungani, hukohuko Zanzibar, mwaka 1888. Kiongozi lilitolewa Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Mfumo wa vyama vingi uliporejea Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, magazeti ya binafsi yaliongezeka haraka, na kompyuta chache katika chumba kimoja zilitosha kupanga toleo zima.

Kiswahili kina mahitaji yake kwenye ukurasa. Vitenzi vyake hubeba viambishi vingi, kwa hiyo maneno marefu ni ya kawaida. Katika safu nyembamba iliyosawazishwa pande zote mbili, neno kama "wanaowashughulikia" likishuka mstari unaofuata, huacha mianya mipana nyuma yake. Programu iliyoachwa katika mpangilio wa Kiingereza haisaidii, kwa kuwa hukata maneno kwa kanuni za lugha nyingine: "nyumba" linaweza kukatwa "nyum-ba", ilhali silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu na mkato sahihi ni "nyu-mba". Msanifu wa Kiswahili hupanua safu, au huziacha kingo za kulia bila kusawazishwa, au huzima ukataji na kukata mwenyewe pale panapofaa.

Mpangilio wa kujifunza

Mfuatano ambao historia iliufuata ndio unaomfaa mwanafunzi. Kwanza ukubwa wa ukurasa na jinsi utakavyoshikwa, kisha pambizo, kisha safu na umbali kati yake, kisha fonti moja au mbili, ukubwa wake na nafasi kati ya mistari, kisha mitindo ya aya, ili kila kichwa na kila aya vifuate kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwishoni picha na mapambo. Anayeanzia kwenye mapambo hulazimika kurudi nyuma.

Programu zilizotawala kazi hii zimebadilika zaidi ya mara moja tangu 1985, na zitabadilika tena. PageMaker haitengenezwi tena, na waliokuwa wamekariri menyu zake peke yake walilazimika kuanza upya. Waliojua kupima nafasi walihama na ujuzi wao. Kwa hiyo anayeanza leo na ajifunze kwanza kuupima ukurasa, ndipo ajifunze vitufe.