Nyumba Yako, Ardhi ya Nani? Haki za Mkaazi wa Shika Adabu

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa Shika Adabu, na Likoni nzima, ni hili: "Nimekaa hapa miaka thelathini, ardhi si ishakuwa yangu?" Kabla sijajibu huuliza langu: je, kuna mtu unayemlipa kodi ya kiwanja?

Sisi wa Pwani tuna desturi ya nyumba bila ardhi. Ukuta, mabati au makuti ni yako. Mchanga ulio chini ni wa mwingine, nawe humpelekea chochote kila mwezi. Mahakama za hapa zinaitambua desturi hii. Nyumba hiyo waweza kuiuza, kuipangisha na kuwarithisha wanao, na Waislamu mirathi yake hupitia kwa Kadhi. Lakini anayelipa kodi amekaa kwa ruhusa, na miaka ya ruhusa haihesabiwi kamwe kuwa ya kumnyang'anya mwenye ardhi.

Chanzo chake ni kirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenyeji wa ukanda wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, wafike kudai ardhi zao ziandikwe. Wasiodai, ardhi yao ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Wengi hawakudai: ama hawakupata habari, ama hawakuona sababu ya kuandikisha shamba la babu.

Kama hukuwahi kulipa kodi wala kuomba ruhusa, Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, yaweza kukusaidia. Ukikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini yake, waweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikuandikishe wewe. Mwenyewe akiuza katikati, hesabu haianzi upya. Ombi ni lazima liambatane na nakala ya daftari la ardhi iliyothibitishwa na msajili, na wengi hukwama hapo. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi, katika kesi ya Mtana Lewa na Kahindi Ngala Mwagandi, ilikubali kwamba sheria hii haipingani na Katiba ya 2010. Ardhi ya umma haimo: ukae miaka 12 au 60, hudai kwa njia hii.

Kwa hiyo angalieni sana mnachotia sahihi. Huja mtu na karatasi ya "kuandikisha wakaazi", na ndani yake umekiri kuwa wewe ni mpangaji wake. Sahihi hiyo yaweza kuwa ushahidi dhidi yako kortini. Mpelekee wakili kwanza. Na kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita mwenye shamba, fanya utafutaji rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Neno la mzee wa mtaa, hata awe mtu mwema vipi, si hatimiliki.

Watu hutaja shamba la Waitiki. Ni ekari 930 hapa Likoni, alizonunua Evanson Waitiki mwaka 1975, zikavamiwa baada ya machafuko ya 1997. Serikali ilikubali kumlipa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaanza kugawa hati. Wakaazi walitakiwa kurudisha shilingi 182,000 kila mmoja kwa miaka 12, na jambo hilo lilizua kelele nyingi. Kwa maoni yangu kelele zilikuwa na haki. Ila kisheria ule ulikuwa ununuzi wa serikali, si ushindi wa wakaazi mahakamani, na hautoi ahadi kwa shamba jingine.

Tuje kwenye kubomolewa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2016, mwenye ardhi binafsi ni lazima atoe notisi ya maandishi ya miezi mitatu isiyopungua. Kama wakaazi ni wengi, itangazwe katika magazeti mawili ya kitaifa na kubandikwa mahali pasipopungua patano ndani ya ardhi yenyewe. Naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo wapewe nakala. Ukipata notisi, usiikunje ukaiweka kabatini: sheria inakuruhusu kwenda mahakamani kuomba nafuu, na miezi mitatu huisha upesi. Trekta likija bila notisi, piga picha, andika tarehe, saa na nambari za magari, kisha uende kortini siku hiyo hiyo.

Na serikali ikichukua ardhi kwa barabara au mradi, kama tunavyoona upande wa Dongo Kundu, Kifungu cha 40(4) cha Katiba kinaruhusu fidia kwa anayekaa kwa nia njema hata kama hana hati. Kinasema "yaweza kutolewa", hakisemi "ni lazima". Ndiyo maana risiti, picha za zamani, bili za maji na stima na barua za chifu zina thamani. Ziwekeni pamoja, na nakala nyingine aiweke ndugu anayekaa mtaa mwingine.

Asiye na pesa za wakili aende Kituo cha Sheria, wana ofisi Mombasa, au aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mkienda kama kikundi, nendeni na orodha ya majina, nambari za vitambulisho na mwaka ambao kila mmoja aliingia.