Unyoya Uliovunjika: Mafunzo ya Wafugaji wa Kozi

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo sana, yaani unyoya wa ndege. Msiudharau. Unyoya ukivunjika vibaya, ndege aweza kufa, na wafugaji wamehangaika na jambo hili kwa karne nyingi.

Kwanza tufahamu unyoya ni kitu gani. Unyoya mchanga huota ukiwa umekunjwa kama jani changa la mgomba. Mrija wake ni laini, na huonekana mweusi au wa samawati, kwa sababu ndani yake mna damu inayoulisha. Ukiisha kukomaa, damu hutoweka na mrija hukauka. Tangu hapo unyoya hauna uhai tena, kama ncha ya ukucha wako. Basi kuna unyoya ulio hai na unyoya mfu. Shikeni sana tofauti hiyo, maana somo lote lasimama juu yake.

Watu waliochunguza manyoya kwa bidii tangu kale ni wafugaji wa kozi, ndege anayefunzwa kumwindia mtu. Katika karne ya 13 aliishi mfalme mmoja mkubwa, Frederick wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1194 na kulelewa katika kisiwa cha Sicily. Mfalme huyu alipenda kozi kupita kiasi. Aliwaita mafundi kutoka nchi za Waarabu, na kwao alijifunza kumvika kozi kofia ya ngozi ili atulie. Kitabu cha Kiarabu cha tiba ya ndege kilifasiriwa kwa Kilatini na mtaalamu wake, Theodore. Kisha mfalme akaandika kitabu chake mwenyewe, akaeleza mabawa, manyoya na namna yanavyonyonyoka. Hakukubali neno la wazee wa kale mpaka alione kwa macho yake. Mwaka 1248 adui waliteka kambi yake karibu na mji wa Parma, na nakala yake nzuri ikapotea. Lakini mwanawe Manfred alitengeneza nakala nyingine, nayo ingali imehifadhiwa Vatikani.

Kwa nini wafugaji hao walijali unyoya mmoja? Kozi hubadili manyoya yake mara moja kwa mwaka. Unyoya mkuu wa bawa ukivunjika, pengo hubaki miezi mingi. Tena manyoya ya jirani hukosa tegemeo, nayo huvunjika moja baada ya jingine. Mwishowe ndege hawezi kuwinda.

Basi mafundi wa Ulaya waliunga manyoya. Fundi alikata unyoya mfu uliovunjika, akaacha kipande kizima cha mrija. Akachukua unyoya wa zamani ulionyonyoka, wa bawa la upande ule ule na wa nafasi ile ile, akaukata ulingane. Kisha alitwaa sindano ya chuma yenye pembe tatu, iliyochongoka ncha zote mbili, akaichovya katika siki au maji ya chumvi. Ncha moja ikaingia katika kipande, na ya pili katika unyoya mpya. Sindano ikashika kutu, na kutu ikafunga kiungo. Ndege hakusikia maumivu. Kazi hii ilijulikana sana Uingereza, hata Shakespeare, katika mchezo wa Richard II uliopigwa chapa mwaka 1597, aliifananisha nchi iliyodhoofika na bawa lililovunjika linalongoja kuungwa.

Ufundi huo haukufa. Katika Abu Dhabi kuna hospitali ya kozi iliyofunguliwa mwaka 1999, na humo manyoya yaliyovunjika huungwa. Siku hizi wengi hutumia kijiti cha mwanzi na gundi badala ya chuma na siki.

Lakini unyoya ulio hai hauungwi. Ukivunjika, hutoka damu, na hapa hatari ni kubwa kwa ndege wadogo wa nyumbani. Mwaka 1840 John Gould alileta Uingereza kasuku wadogo kutoka Australia, nao wakaenea katika nyumba nyingi za dunia. Kasuku huyo ana uzito wa gramu 30 hivi. Damu yake yote ni kama mililita 3, haijai kijiko kimoja cha chai. Matone machache kwetu si kitu. Kwake ni mengi.

Tufanye nini? Mshike ndege kwa kitambaa, taratibu, wala usimbane kifua, maana hapo ndipo anapopumulia. Bonyeza mahali panapotoka damu kwa pamba safi dakika chache. Waweza kutia unga laini wa wanga wa mahindi kwenye ncha iliyovunjika. Kisha mweke mahali penye giza na utulivu. Damu isipokoma, mpeleke upesi kwa daktari wa wanyama. Zamani wafugaji wengi waliambiwa waung'oe unyoya. Leo twajua kuwa kuung'oa huumiza sana na kwaweza kuharibu shina lake. Kazi hiyo mwachie daktari.

Kinga ni bora kuliko tiba. Wafugaji wa kozi waliona kwamba kinda aliyeshinda na njaa huota manyoya yenye mstari dhaifu, na baadaye huvunjika papo hapo. Basi mlishe vizuri. Mpe tundu pana, usimtishe usiku, na usikate kamwe unyoya wenye mrija mweusi laini.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Unyoya mchanga na unyoya uliokomaa hutofautianaje?
2. Kwa nini sindano ilichovywa katika siki?
3. Jirani yako ataka kumpunguza kasuku wake mabawa. Utamwambia atazame nini kwanza?